Sanamaki kavu: nunua jani zima, unga uache dukani

Kwenye maduka ya dawa za asili pwani, sanamaki huuzwa kwa sura tatu: jani zima, unga, na maganda ya mbegu. Ni mmea wa nchi kame, unaota Sudan, Misri na Uarabuni, na kusini mwa India unalimwa. Kazi yake ya uhakika ni moja tu, kulainisha choo kilichofunga, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana.

Jani zima ndilo la kununua kwa sababu linakagulika. Chukua moja, lilowanishe, lilaze kiganjani, kisha tazama pale linaposhikana na kikonyo. La sanamaki halilingani: upande mmoja huanza juu kidogo kuliko wa pili. Ukiona pande zimelingana, na jani ni nene lenye makunyanzi, hiyo ni argel, mmea mwingine wa jangwani ambao tangu zamani huchanganywa humo. Rangi iwe kijani kilichopauka. Kahawia ni dalili ya uzee au unyevu. Unga hauna namna ya kuukagua, tena kijiko chake hubeba dawa nyingi kuliko kijiko cha majani, na ndipo watu wanapozidisha.

Mtu mzima gramu 1 ya majani inamtosha. Ipime kwa mizani. Usiichemshe. Asubuhi loweka kwenye glasi ya maji baridi, funika, chuja baada ya saa 10 hadi 12, unywe ukienda kulala. Maji ya moto hutoa pia utomvu unaosokota tumbo. Choo huja baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo usiongeze dozi usiku ukidhani imegoma. Mkojo ukibadilika rangi kuwa njano iliyokolea au wekundu, usishtuke.

Maganda ni mapole kuliko majani, yanamfaa ambaye tumbo lake husokota upesi.

Zile pakiti za "chai ya kupunguza tumbo" zenye sanamaki hazistahili hata shilingi. Kinachopungua ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale. Ukiinywa wiki baada ya wiki unapoteza madini ya potasiamu, na kwa anayetumia digoxin (dawa ya moyo) au dawa za kukojosha hilo ni hatari kwa moyo. Wiki moja iwe mwisho. Mtoto chini ya miaka 12 asipewe, na mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo aende hospitali kwanza: huenda ni kidole tumbo.