Makumbusho ya Kapenguria: asubuhi moja ndani ya seli za 1952

Ukitoka Kitale, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwa barabara ya Lodwar, baada ya yapata kilomita 40 unafika Makutano, na kutoka hapo bodaboda inakupandisha hadi Kapenguria kwa muda mfupi. Ninaanza na barabara kwa sababu mahali pale hapakuchaguliwa kwa bahati. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952 na kuanza usiku uleule kuwakamata viongozi wa chama cha KAU (Kenya African Union), kilichodai haki za Waafrika, ilihitaji pa kuwahukumu ambapo umati usingefika, waandishi wa habari wangepata tabu, na mawakili wangechoka kabla hata ya kusimama mbele ya hakimu. Kapenguria haikuwa na reli, haikuwa na hoteli, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia wilayani bila kibali. Leo gereza lile ni makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1993 na kusimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, nami nimekwenda kuyaona ili niwaambie wanaofikiria safari hiyo kama inastahili nauli yao.

Inastahili, ingawa asiende mtu akitarajia jumba kubwa la vioo na mitambo ya sauti. Kinachoonyeshwa hapa hasa ni kuta zenyewe. Seli walimoshikiliwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko ni vyumba vidogo ambavyo havikupambwa kupita kiasi, na huo kwangu ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mgeni akiingia na kusimama kimya kwa dakika mbili anaelewa jambo ambalo maandishi ukutani hayawezi kumweleza. Nilikuta kundi la wanafunzi wakipiga picha kwenye seli ya Kenyatta, wakisukumana mlangoni kwa vicheko, kisha kila aliyeingia alinyamaza bila kuambiwa na mwalimu.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mgeni ni kwamba asitembee peke yake. Aombe mwongozaji, kisha aombe kuelezwa kesi yenyewe hatua kwa hatua, kwa sababu utamu wa ziara, kama neno hilo linafaa mahali kama hapa, umo katika namna sheria ilivyopindwa huku ikiendelea kuitwa sheria. Washtakiwa waliachiliwa kwa jina tu, wakakamatwa upya palepale Kapenguria, ili ionekane kwamba mahakama ya pale ilikuwa na mamlaka juu yao. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya shauri hilo, na wanahistoria wameandika kwamba alilipwa pauni 20,000 kwa siri. Shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, alikuja kuapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza. Akashtakiwa, si kwa uongo aliousema mahakamani, bali kwa kiapo kile cha kuukana. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu kwa kosa la kuongoza Mau Mau, vuguvugu la siri lililopigana na ukoloni. Miezi michache baadaye Mahakama Kuu iliitengua kwa sababu Thacker alikuwa ameteuliwa kwa ajili ya Jimbo la Kaskazini ilhali Kapenguria ilikuwa katika Bonde la Ufa, lakini Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikairejesha. Msomaji aliyewahi kufuatilia kesi ya kisiasa katika ukanda wetu atatambua mtindo huo bila kuelezwa zaidi.

Upande wa utetezi nao unastahili muda wa mgeni, na mimi niliuliza sana juu yao. Mwingereza D. N. Pritt aliongoza jopo lililokuwa na Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Moshi, Tanganyika. Kwa kuwa Kapenguria haikuwa na pa kulala, mawakili walikaa Kitale na kusafiri kwenda na kurudi katika siku za kesi. Nami nililala Kitale, na asubuhi ile nikiwa kwenye matatu iliyojaa kupita kiasi niliwaza kwamba angalau barabara yangu ilikuwa ya lami.

Ikiwa mgeni ana nafasi ya kusimama mbele ya seli moja tu, mimi ningemwomba asiitafute ya Kenyatta bali aulizie habari za Achieng Oneko. Alikuwa mwandishi wa habari, mhariri wa gazeti la Ramogi, na katika wale sita ndiye pekee aliyeshinda rufaa yake, Januari 1954. Kwa mantiki ya kawaida, mtu aliyefutiwa hatia huenda nyumbani. Oneko hakwenda nyumbani. Aliwekwa kizuizini kwa kanuni za hali ya hatari, bila kosa, bila hukumu na bila tarehe ya kutoka, na hakuwa huru hadi 1961. Hapo ndipo mtu anapoona tofauti kati ya kufungwa na kuwekwa kizuizini, tofauti ambayo lugha yetu inaijua vizuri: mfungwa huhesabu siku, aliye kizuizini hana cha kuhesabu.

Habari yake haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo mgeni anapaswa kuja nayo kichwani, kwa maana kuta za 1952 haziwezi kumsimulia yaliyotokea baadaye. Baada ya uhuru Oneko alikuwa waziri wa habari, akajiuzulu mwaka 1966 na kumfuata Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais, katika chama cha upinzani cha KPU. Mwaka huohuo Kenya huru ilijirudishia mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Kufuatia vurugu na mauaji ya Kisumu ya Oktoba 1969, Oneko alikamatwa tena na kushikiliwa hadi 1975, na rais wa nchi wakati huo alikuwa Kenyatta, jirani yake wa seli hapa Kapenguria. Kaggia naye alikuwa amekwisha kuonja jela ya serikali huru mwaka 1968, kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Nilipotoka seli moja na kuingia nyingine nikiwa na habari hizo, milango ile haikuonekana tena kuwa kitu cha Waingereza peke yao.

Mwanafunzi mmoja alimuuliza mwalimu wake kama watu bado hukamatwa namna ile. Mwalimu akataja Katiba ya 2010, inayotaka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na jibu lake lilikuwa sahihi kwa upande wa sheria. Mimi nilikuwa nikiwafikiria wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, waliokamatwa Dar es Salaam Mei 2025 walipokwenda kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania, wakashikiliwa siku kadhaa bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, kisha mmoja akaachwa pwani ya kusini ya Kenya na mwingine Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Wote wawili walisema waliteswa na kudhalilishwa kijinsia. Sikuyasema hayo mbele ya watoto, na mpaka sasa sijui kama nilifanya vyema.

Mbali na seli, makumbusho yana sehemu inayohusu maisha ya Wapokot na majirani zao, pamoja na nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa kienyeji. Ni nzuri, hasa kwa watoto, ila ningeshauri ianze yenyewe kisha seli zifuate, kwa kuwa baada ya seli sikuwa tena na moyo wa kutazama vibuyu. Tenga saa tatu ikiwa unapenda kuuliza maswali. Asiyeuliza atamaliza kwa saa moja na kulalamika kwamba alioneshwa vyumba vitupu. Siku ya kazi asubuhi ni bora kuliko mwisho wa juma, beba sweta kwa sababu ubaridi wa vilima vile huwashangaza wageni wa Turkana na wa pwani, na panga kurudi Makutano mapema, maana matatu za Kitale huondoka zikijaa na jioni huchelewa kujaa.