Kliniki ya ngozi ya Shangani, Mtwara: swali la kwanza lilihusu jua

Nilikwenda katika kliniki ndogo ya ngozi iliyoko Shangani nikiwa na madoa meusi mkononi, yaliyoachwa na mafuta ya ganda la korosho yaliyoniunguza wakati wa kubangua. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuziwa dukani krimu ya kung'arisha ambayo boksi lake lilitaja haidrokwinoni, kiambato kilichopigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini. Niliipaka wiki mbili, ngozi ikawasha, na madoa yakazidi kukolea.

Mhudumu hakuanza na madoa. Aliniuliza iwapo nikishinda juani huungua na kubabuka, au huzidi tu kuwa mweusi. Alieleza kwamba swali hilo linatokana na mizani aliyoibuni daktari Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975, ambayo mwanzoni ilipima ngozi nyeupe pekee kwa ngazi 4, kisha ngazi ya 5 na ya 6 zikaongezwa kwa ajili ya ngozi za kahawia na nyeusi. Mimi aliniweka katika ya 6. Ngozi kama yangu ina melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, kwa hiyo haiungui upesi, lakini jeraha au mwasho wowote huichochea melanini hiyohiyo na kuacha doa. Ndiyo maana nilipoomba kubambuliwa ngozi kwa tindikali kali, alikataa. "Mama, hapo tutakuongezea madoa," alisema, na tangu hapo nikamwamini.

Kisha alinipaka krimu mbili za kuzuia jua kwenye mgongo wa kiganja, akanisogeza dirishani. Ya kwanza ilibaki nyeupe kama chokaa. Ya pili, yenye rangi ya udongo inayotokana na oksidi ya chuma, ililingana na ngozi hata sikuona ilipoishia. Hiyo ndiyo inayotufaa, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho hukoleza madoa ya ngozi nyeusi, na oksidi ya chuma huupunguza.

Lalamiko langu ni bei: tyubu ndogo kwa shilingi 45,000, nayo haikumaliza miezi miwili, ni mzigo kwa mbanguaji, tena rangi zilizokuwepo zilikuwa mbili tu.

Baada ya miezi mitatu, madoa ya karibu na kifundo cha mkono yamefifia sana, ila lile la kwenye kiwiko bado lipo. Nitarudi kabla ya Oktoba, jua linapopita utosini na korosho zinapoanza kuingia, na safari hii nitabangua nikiwa nimevaa glavu.