Walimnyoa mwanangu nusu kichwa, hela wakataka yote

Nyota mbili. Nilitaka kuweka moja, ila ule upande waliounyoa, kusema kweli, umenyoka.

Ni saluni ya kiume huku Sinza, yenye kiti cha watoto cha umbo la gari. Jina silitaji. Mwanangu ana usonji, na mashine ya kunyolea ikilia karibu na sikio lake ni kama unamtoboa. Niliwachagua hawa kwa sababu Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, walibandika mtandaoni picha ya buluu na maneno matamu kuhusu watoto wetu. Nikasema jamani, leo nimefika.

Nilipiga simu kabla, nikaeleza yote. Tutakuja asubuhi siku ya kazi watu wakiwa wachache, singeli izimwe, shuka lisimbane shingoni, hedifoni zake za kuzuia kelele asivuliwe, kuzunguka masikio wamalizie na mkasi. "Usijali dada, hapa watoto ndio kwao."

Singeli haikuzimwa, ilipunguzwa. Haya. Mtoto akakaa, akapepea mikono kidogo (ndivyo anavyojituliza), upande wa kushoto ukaisha salama hata nikaanza kupumua. Mara kinyozi, bila kusema neno, akampitia kwa nyuma, akamvua hedifoni na kumwekea mashine sikioni.

"Zinanizuia kuchonga pembeni, mama."

Mtoto alipiga ukelele, akajitupa chini na shuka lake, akaingia chini ya meza ya kioo. Mwenye saluni akatoka huko nyuma. Nikadhani anakuja kuuliza mtoto ana nini. "Mama, mtoe nje kwanza, unanifukuzia wateja." Wateja wenyewe wawili! Mmoja akasema umemdekeza huyo, kofi moja tu anatulia. Mwingine, mtu mzima kabisa, akaleta habari za chanjo. Nikamjibu nikiwa nimeinama chini ya meza namvuta mtoto: mzee wangu, ule utafiti wa 1998 uliohusisha chanjo ya surua na usonji, jarida la The Lancet lililouchapisha liliufuta lenyewe mwaka 2010. Akarudi kwenye simu yake.

Kwenye kulipa wakataka elfu tano. Yote. Nikaitoa, maana kubishana na mtoto analia begani siwezi. Upande wa kulia nimeumalizia mwenyewe kwa mkasi, usiku akiwa amelala, kidogo kidogo. Haufanani na wa kushoto hata kwa mbali.

Hasira zikishuka namwonea huruma yule kinyozi. Ni kijana, mkono wake mwepesi, na aliyepokea simu yangu alikuwa mtu mwingine. Pengine hakufikishiwa maelezo. Hata shuka alimfunga kwa kulilegeza, vile vile nilivyoomba.

Ngoja kwanza. La shuka lilimfikia, la hedifoni lilimpitaje?

Nashusha. Nyota moja, na hiyo ni ya kiti cha gari.

Juzi wamenitumia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, shule zinafunguliwa, mlete mtoto upate punguzo." Nimewajibu wanirudishie kwanza elfu mbili na mia tano ya upande wa kulia. Ujumbe wameshausoma, kimya.