Kitabu cha mapishi cha buku tano, nimekipikia wiki tatu sasa

Jamani hiki kitabu nilikiokota pale Posta kwa wale wanaotandika vitabu chini, buku tano, nilikuwa nasubiri mvua ikatike tu. Kidogo, sawa na daftari la madeni la dukani, kimebanwa pini mbili. Ila we acha.

Vitabu vingi vya mapishi ya Kitanzania nilivyoona ni pilau, biriani, samaki wa kupaka, basi, utadhani nchi nzima tunaishi Pwani. Humu mtori umetazamana na chipsi mayai, mlenda wa Dodoma upo, dagaa wa Kigoma kwa mawese wapo, michembe ya Wasukuma, vile viazi vitamu vya kukausha, ming'oko ya Mtwara, ile mizizi ya porini, na urojo wa Zanzibar. Chipsi mayai kapewa kurasa mbili nzima na anastahili, hicho ndo chakula cha taifa tusibishane.

Mtori ndo umeniua. Anakwambia utafute ndizi mshare, na kabla ya kumenya ujipake mafuta mikononi usigandwe na utomvu, halafu supu ya mifupa ichemke kwanza peke yake ndo ndizi ziingie, mwisho unaponda kwa mwiko hukohuko kwenye sufuria. Ya senene, wale panzi wa kuliwa, nilimsomea mama mkwe kwenye simu, Mhaya yule, alipofika pale kwamba unawakaanga kwa mafuta yao wenyewe akanyamaza kidogo akasema, huyo aliyeandika kala.

Sasa vipimo. Hapo nina ugomvi naye. "Hamira kiasi, maji kiasi, acha uumuke." Kiasi gani mama? Mchele nimeloweka usiku kucha, nimesaga na nazi, vitumbua vikatoka bapa kabisa, mtoto ananiuliza leo tunakunywa chai na chapati za maji? Kama hujawahi kusimama jikoni na bibi yako hizo za unga zipite tu. Na picha zote ni nyeusi na nyeupe, kwa mlenda sawa, lakini urojo bila ile njano yake unaonekana kama uji wa mgonjwa.

Juzi nimerudi kumchukulia dada yangu kingine, jamaa ananitajia elfu nane. Nikatoa changu kwenye mkoba, jalada zima madoa ya mawese, nikamwambia hiki ulinipa tano. Akacheka, akanipa kwa tano.