Nimezoea modeli za ndege, nikajaribu kifaru cha vita: T-55 ya skeli ya 1/72, uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa kwa wale wa ndege wenzangu ambao mnaona boksi la kifaru kidogo mnalipita: chukueni. Mimi toka nianze hii kazi ya kuunganisha modeli nimefanya ndege tu, tena za 1/72 tu (yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli), na hii T-55, kifaru cha Kisovieti, imenirudishia hamu ya kukaa mezani ambayo ilikuwa imeanza kupungua. Ila kuna mambo yanataka uyajue mapema maana kazi ya kifaru imepangwa tofauti kabisa na ya ndege, mzigo mkubwa uko mahali ambapo hukuutegemea.

Kwanini T-55. Kabatini nina MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, ambayo naipenda sana, na Msumbiji baada ya uhuru wao 1975 walikuwa na MiG-21 na walikuwa na vifaru vya T-54 na T-55 pia, na sisi huku Mtwara Msumbiji sio habari ya mbali, ni ng'ambo ya Ruvuma tu, watu wana ndugu pande zote mbili na wazee wanakumbuka vizuri miaka ile watu wanavuka mto kukimbilia huku. Kwa hiyo nilitaka niviweke viwili hivi ubavu kwa ubavu, skeli moja, mtu akitazama aone ukubwa wa kweli. Na hapo ndo utamu wa 1/72 kwenye vifaru. Dunia ya vifaru imezoea 1/35, ambayo ilianza kwa kampuni ya modeli ya Tamiya kule Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, walitengeneza kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndani na ukubwa wake ukapangwa ili betri zienee, ndo ikaja kuonekana ni kama 1/35 na wengine wakafuata. Ndege zenyewe 1/72 ilishakuwepo Uingereza toka miaka ya 1930. Matokeo yake mtu wa ndege na mtu wa vifaru modeli zao haziwezi kukaa rafu moja zikaleta maana. Kifaru cha 1/72 ndo kinawakutanisha.

Na ni kidogo jamani. T-55 ya kweli ina upana wa mita 3.27, kwenye skeli hii ni sentimita nne na nusu, mwili wote bila mzinga haufiki sentimita tisa. Ukikiweka chini ya bawa la MiG ndo unaelewa kwamba ile ndege tuliyokuwa tunaiona ndogo kumbe ni ndefu kuliko kifaru mara mbili.

Mzigo ulitoka Dar kwa basi, nikaufuata stendi, boksi limebonyea kona moja lakini ndani kila kitu kizima. Kampuni siitaji kwa sababu kuna kasoro nitazisema huko chini na sio nia yangu kumharibia mtu. Plastiki ni ya kijani, ngumu kiasi, inakatika vizuri na haibaki na nyuzinyuzi, na vitu vilivyochorwa juu yake, boliti, bawaba, ile wavu ya injini nyuma, vimetoka vikali kuliko nilivyotegemea kwa kitu cha size hii.

Sasa kujenga. Kwenye ndege unaanza na chumba cha rubani si ndio, kiti, dashibodi, mikanda, unapaka rangi yote hiyo ndipo ufunge mwili, alafu unaanza vita na ule mshono wa katikati, puti, msasa, puti, msasa, unachora upya mistari iliyofutika. Kifaru hamna. Milango imefungwa, ndani hamna kitu, unaunganisha sakafu, mbavu na mfuniko wa juu na jioni hiyohiyo una umbo la kifaru mezani. Mishono mingi imeangukia kwenye kona za mabati ya kweli au imefichwa chini ya madigadi, yale mabati ya kuzuia matope, puti nimegusa kidogo sana. Na hamna kioo! Mtu wa ndege anajua maumivu ya kioo, gundi ikipumua vibaya kinapata ukungu kazi yote imeharibika. Hapa hiyo presha haipo kabisa.

Ukishasema hivo ndo yanakuja magurudumu. T-55 ina magurudumu matano kila upande na kila moja ni sahani mbili, kwa hiyo sahani ishirini, hujahesabu ya mbele ya kuongozea cheni (ule mkanda wa chuma kinaotembelea kifaru) wala yale ya meno nyuma. Zote unakata, unasugua ile alama ya pale ilipokuwa imeshikia fremu (vile vijiti vya plastiki vipande vinakokuja vimeshikana), unabandika. Mtoto wa dada yangu alikuja akakaa pembeni anazipanga kwa jozi, akaniuliza, "Mjomba, mbona hili la kwanza limekaa mbali na wenzake?" na nilifurahi sana kwa sababu jicho lake limeona kitu ambacho ndo alama ya T-54 na T-55, pengo kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili. T-62 iliyofuata mapengo yake makubwa yako nyuma. Nikamwambia ukiliona hilo pengo kwenye picha yoyote ya zamani ya vita vya Afrika unajua unaangalia nini, tokea siku hiyo ananiletea picha kwenye simu anazitambua mwenyewe.

Mpira wa gurudumu ndo nilipofaidika na ndege. Nilipaka sahani zote rangi ya mpira kwanza, kijivu cheusi sio nyeusi tii, alafu nikaweka juu yake kile kibao cha plastiki chenye matundu ya duara ninachotumiaga kwenye matairi ya ndege, unachagua tundu linaloacha ukingo tu, unapuliza kijani katikati. Duara safi. Anayetaka kuzungusha brashi kwa mkono kwenye sahani ishirini za milimita kumi na kitu hizo Mungu amsaidie.

Cheni sasa. Ziko za aina mbili kwenye vifaru hivi vidogo, ya mpira laini ambayo ni mkanda mmoja unauzungusha, na ya plastiki ngumu ambayo inakuja vipande virefu vya juu na chini halafu pingili mojamoja za kuzungukia mbele na nyuma. Hii yangu ni ya plastiki ngumu na nakwambia kweli ndo sababu ya mimi kuipenda hii modeli, kwa sababu T-55 haina vile vigurudumu vidogo vya juu vya kubebea cheni, cheni yake inalalia migongo ya magurudumu imelegea, inapanda inashuka kidogo kati ya gurudumu na gurudumu. Kipande cha juu kimetengenezwa na ule mlegeo tayari. Mkanda wa mpira unakaa umekaza moja kwa moja na kifaru kinaonekana cha kuchezea.

Lakini zile pingili mojamoja za mwisho ni kazi ya kushika pumzi. Joto la huku mnalijua, na feni haiwezekani, pingili inapaa unaitafuta sakafuni na tochi, na ile gundi ya majimaji ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani ikipigwa na feni inakauka kabla hujafikisha mkono. Kwa hiyo ni madirisha wazi, taulo shingoni, na kufanya usiku upepo wa bahari ukishatulia. Nilivyofanya ni kupanga pingili juu ya selotepu iliyogeuzwa, napitisha gundi kidogo kwa nyuma, nasubiri mpaka imeshika lakini bado inapinda, ndipo nazungushia kwenye gurudumu la meno na kuibana na selotepu mpaka kesho yake. Magurudumu na cheni nimeviacha kama kitu kimoja kinachochomoka kwenye mwili, sikuvigundisha mpaka rangi zote ziishe. Fanyeni hivo, vinginevyo mbavu za chini brashi haifiki.

Kichwa chake, ile tareti, T-55 ya kweli ni chuma cha kumimina kiwandani kwa hiyo ngozi yake ni kavu ina vipele. Ya kwenye boksi imekuja laini kama yai. Sisi wa ndege maisha yetu yote ni kulainisha, hapa unafanya kinyume: unapaka ile gundi ya majimaji eneo dogo, plastiki inalainika, unadonadona na brashi iliyokatwa fupi, unaacha ikauke unapitisha msasa mwepesi. Nilipomaliza nikapitisha taa ya simu kwa ubavu, vile vipele vikatupa vivuli vidogovidogo kuzunguka kichwa chote, nikabaki nakizungusha tu mkononi.

Kasoro. Mdomo wa mzinga haujatobolewa, na kwenye mzinga wa milimita 100 hiyo inaonekana hata ukiwa mlangoni, nimetoboa kwa ncha ya sindano ya cherehani nikamalizia na dirili ya mkono. Vishikio vya askari kwenye tareti ni vinene mno, nimeving'oa nikaweka waya wa shaba niliotoa kwenye chaja mbovu. Na karatasi ya maelekezo hatua ya magurudumu imechora picha ndogo hadi huelewi sahani ipi inaingia ndani na ipi nje, ziko tofauti kidogo, jaribuni bila gundi kwanza. Dekali, zile stika za alama na namba, nazo ni za majeshi ya Ulaya tu, za Afrika hamna hata moja. Kwa modeli ya kifaru kilichopigana nusu ya bara letu hilo limeniuma.

Rangi ndo kiini cha yote. Ndege ina mabaka, ina tumbo la rangi nyingine, ina namba na alama za nchi, ukimaliza kupuliza tayari macho yana pa kwenda. Kifaru hiki ni kijani. Kijani kitupu kutoka mbele mpaka nyuma, na kikiwa kidogo namna hii kijani kimoja kinakiua, kila kitu ulichobandika kwa tabu kinapotea. Kwa hiyo mwanga inabidi uutengeneze wewe. Nimeanza na kijani cheusi kila mahali, nikapuliza kijani cha kawaida kutokea juu tu ili chini ya madigadi pabaki na giza lake, alafu kijani hichohicho nimekichanganya na njano kidogo nikapitisha katikati ya mabati na juu ya tareti. Kabla hakijachafuliwa kilionekana kimepauka kupita kiasi na ndivyo inavyotakiwa, maana uchafu unaokuja juu unakirudisha gizani. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa na tapentaini nimeweka kwa ncha ya brashi kwenye boliti na bawaba tu, sio kumwagia mwili mzima.

Vumbi nimetumia la kwetu. Udongo mwekundu wa Newala, mchanga ule wa uwanda wa Makonde, ambao ukivuka Ruvuma ukapanda Mueda unaukuta hivohivo mwekundu. Nimeukaanga kwenye sufuria kuukuu ukauke kabisa, nikausaga na mgongo wa kijiko, nikauchekecha kwenye soksi ya nailoni mara ya kwanza, mara ya pili soksi imekunjwa. Msiruke kuchekecha, kwa sababu kwenye skeli hii punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita saba. Unaotoka mwisho ni unga wa kubaki kwenye alama za vidole. Nimeupaka kwa brashi kavu kwenye magurudumu, mbavu za chini na pembe za madigadi, nikaushika kwa matone ya vanishi isiyong'aa iliyozimuliwa na maji. Cheni nimezipaka kahawia nzito, udongo kidogo, na zile sehemu zinazogusa ardhi nimesugua na penseli ya 4B mpaka zikang'aa chuma chuma. Ndege zangu zote ni safi zimeng'arishwa, sijawahi kuchafua kitu makusudi kiasi hiki, na ndo raha niliyoipata kubwa kuliko zote.

Kwa walioko ukanda wa bahari, vanishi ya mwisho pulizeni mchana jua limekolea. Mimi nakaa Shangani ya hapa Mtwara, asubuhi na usiku hewa ina maji mengi na vanishi isiyong'aa inaweza kuweka ukungu mweupe juu ya kijani chako.

Bei pamoja na kusafirisha imekuja chini ya ile niliyolipia MiG, na muda wa kujenga ni mfupi zaidi, muda wa kupaka rangi ni mrefu zaidi. Kama unachopenda wewe ni mistari safi na kung'arisha, itakuchosha. Kama unapenda brashi, sioni boksi jingine la bei hii litakalokupa kazi ya mikono kama hili.

Kinachofuata nataka Type 59, ile ya Kichina iliyotokana na T-54A, ndo ambayo jeshi letu ilikuwa nayo vita ya Kagera 1978 na 1979. Sitaki kugeuza T-55 kuwa Type 59 kwa kubadilisha rangi tu, maana Type 59 na T-54 zina kile kikuba kidogo cha feni juu ya tareti ambacho T-55 imekitoa, na anayejua atakitafuta. Nimeshamuuliza muuzaji, na swali la kwanza nililomuuliza kabla hata ya bei ni kama cheni zake ni za plastiki ngumu au za mpira. Bado nasubiri anitumie picha ya fremu.