Mashine ya gemu za kaseti kutoka Kikuubo: tafuta TV ya chogo kwanza

Niliinunua Kikuubo, Kampala, kwa shilingi 85,000: mashine, pedi mbili, bunduki, adapta na kaseti ya njano inayojigamba kuwa na gemu 9,999,999. Ni nakala ya Famicom, ile Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Ndani, kazi yote inafanywa na tone moja jeusi la gundi lililofunika chipu. Likifa hilo, hakuna fundi wa kulifufua. Lakini kinachosumbua kwa kawaida ni vitu vya pembeni.

Hizo milioni ni porojo. Shuka kwenye orodha uone gemu zilezile zikijirudia kwa majina mapya. Za kweli hazifiki hata hamsini. Ila zile tulizokulia zimo: Super Mario Bros., Contra, vifaru vya Battle City, Duck Hunt. Kwenye Contra, ule ufunguo wa maisha 30 bado unakubali: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start.

Sasa TV. Kwenye TV bapa picha inakuja, lakini kidole kinatangulia na Mario anafuata, kwa hiyo mashimo yatakumeza sana. Bunduki ndiyo haifanyi kazi kabisa. Kwenye Duck Hunt, gemu la kuwinda bata, ukivuta kifyatulio skrini inazimika kufumba na kufumbua, kisha kiboksi cheupe kinawaka pale alipo bata. Jicho la bunduki linatafuta mwanga huo papo hapo. TV bapa inauchelewesha, basi kila risasi inahesabiwa imekosa. TV ya chogo haina tatizo hilo, na za mitumba bado zinapatikana, mradi upate bodaboda jasiri wa kuibeba. Unganisha kwa waya wa njano wa picha na mweupe wa sauti. Waya wa antena unaleta chenga.

Mwendo nao: gemu hizi zilipangiwa picha 60 kwa sekunde, mashine hii ya PAL (mfumo wa picha wa TV) inatoa 50. Usipoijua Contra ya asili hutagundua, lakini muziki unajikokota kidogo.

Adapta iliyokuja nayo imeandikwa volti 9. Ukiipima bila mzigo, mita inaweza kusoma 12 au zaidi. Usishtuke, adapta za koili ndivyo zilivyo. Ikifa, usichomeke ya redio kwa kubahatisha. Soma mchoro ulio kando ya tundu: nyingi za aina hii zinataka hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi. Na ukiweka ya volti 12 kamili, kile kipande cha 7805 kinachoshusha umeme hadi volti 5 kinachemka, na baada ya muda picha inaanza kuganda.

Skrini ikibaki ya rangi moja, kaseti haijashika. Msipulize, jamani! Mate ndiyo yanayotia kutu. Sugua meno ya shaba kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti, subiri ikauke, ichomeke tena.

Pedi ndiyo udhaifu mkubwa. Kitufe cha A kilianza kugoma baada ya wiki tatu. Fungua skurubu za nyuma, safisha vidoti vyeusi vya raba na bodi yake kwa spiriti. Ukitafuta pedi nyingine, usidanganywe na plagi ya matundu 9: ya mashine za Sega inaingia vizuri kabisa, na haichezi.