Nimemaliza Arkham City, lakini moyo umebaki Arkham Asylum

Nimecheza Batman: Arkham Asylum na Arkham City, michezo miwili ya video, mfululizo, yote ikiwa kwenye mkusanyiko wa Return to Arkham wa mashine ya PS4. Wengi husema ya pili imeipita ya kwanza kwa kila kitu. Kwenye ramani, mimi nakataa.

Asylum, ya mwaka 2009, inakufungia kisiwani, ukiwa Batman, na adui yake mkuu Joker usiku mmoja. Kisiwa ni kidogo: hospitali, gereza, jumba kuukuu, bustani ya mimea. Udogo huo ndio utamu wake. Ukuta ulioshindwa kuubomoa mwanzoni unaukumbuka saa kadhaa baadaye ukishapata kifaa kipya, unaurudia bila kuambiwa na mtu. Nilipofika katikati nilikuwa sifungui ramani tena, najua kila tundu la hewa linatokea wapi. Na ukishazoea tu, mambo yanageuka. Mizizi ya Poison Ivy, mhalifu anayetawala mimea, inapasua kisiwa kizima. Zile sanamu za darini ulizokuwa ukijificha juu yake, Joker anakuja kuzitegea mabomu. Halafu kuna Scarecrow, mhalifu anayekuonyesha mambo ya kutisha yasiyokuwepo! Unatembea ndani ya jumba, mvua inaanza kunyesha humo humo ndani, kuta zinageuka polepole kuwa kichochoro walichouawa wazazi wa Bruce, yaani Batman mwenyewe. Nilisimama, sikutaka kusonga mbele.

City ilitoka 2011, na hapo unapewa kipande kizima cha mji wa Gotham kilichozungushiwa ukuta. Kuruka ni raha isiyo kifani: unajivuta kwa kamba hadi ukingo wa paa, unafyatuka, unakunjua joho, unakwenda mbali bila kugusa chini. Ila kwa kuwa unapita juu ya kila kitu, mitaa haikukai kichwani. Nakumbuka kiwanda cha chuma na makumbusho ya mhalifu Penguin. Katikati yake nakumbuka mapaa tu. Mafumbo ya Riddler, mhalifu anayeyatega kila kona ya ramani, nayo yamepanda kutoka 240 hadi 440. Yale 240 niliyatafuta kwa hamu. Haya mengine yalinichosha, tena yanagongana na hadithi: Batman ana damu yenye sumu ya Joker mwilini, anakufa, nami nazunguka kuokota vikombe vya kijani vya Riddler.

Kuna mahali pamoja City inanifunga mdomo, napo ni pambano na Mr. Freeze, mhalifu wa barafu, kwenye jengo la polisi. Ukimvamia kutoka chini ya sakafu, njia hiyo imekufa, anajifunza na kuiziba. Ukimshukia kutoka juu, vivyo hivyo. Kila mbinu ni mara moja, kwa hiyo inabidi ukijue chumba kile kona kwa kona, huku ukimsikia anakaribia. Nimelirudia pambano hilo mara nne. Ni chumba kimoja tu, kimefungwa, kama kule kisiwani.

Kama hujacheza hata moja, anza na Asylum.